Jina la Maria katika Nchi ya Mara: Maumbo Yake na Maana Zake

Jina la mtu huhesabiwa na wengi kuwa alama tu ya kumtambulisha mwenyewe, na kwa sababu hiyo kamusi za Kiswahili huliacha nje. Lakini jina ni neno kama maneno mengine. Lina asili yake na matamshi yake. Hubadilika umbo likipita kutoka lugha moja hadi nyingine. Tena hukusanya maana ambazo hazikuwamo lilipoanza safari. Jina la Maria, kama lisikikavyo katika Mkoa wa Mara, Tanzania, ni mfano mwema wa jambo hili.

Mtu akitembea Musoma mjini, Bunda na Butiama atalikuta jina hili katika maumbo manne: Maria, Mariamu, Maryamu, na Mary, ambalo hutamkwa Meri. Ni rahisi kudhani kwamba hili ni jina moja ambalo limeandikwa kwa usahihi mara moja na vibaya mara tatu, na kwamba karani au mhariri mwema hana budi kuyaleta yote katika umbo moja. Dhana hiyo si sawa. Kila umbo lina njia yake lililopitia, na lamshuhudia anayelitumia alikotoka. Zaidi ya hayo, historia ya jina hili yaleta swali zito kuhusu majina ya wanawake: kwa nini jina lililotoka mbali limesimama imara katika Mara, hali majina ya nyumbani ya wanawake hao hao yamo hatarini kusahauliwa?

Desturi ya kupa majina katika Mara

Mkoa wa Mara una watu wa lugha nyingi. Wapo Wakurya, Wazanaki, Waikizu, Wajita, Wakwaya, Wasimbiti, Wangoreme na wengineo, ambao lugha zao ni za Kibantu. Wapo Wajaluo, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kiniloti. Na upande wa Bunda wamo Wasukuma pia. Basi hakuna kanuni moja ya kumpa mtoto jina. Hata hivyo majina mengi ya nyumbani yaweza kuwekwa katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni majina ya tukio, yaani yale yanayosimulia saa, majira au jambo lililokuwapo mtoto alipozaliwa. Wajaluo wanayo kwa utaratibu mzuri. Msichana aliyezaliwa asubuhi ni Akinyi, wa jua la mchana ni Achieng', wa jioni ni Adhiambo, wa usiku ni Atieno, na wa wakati wa mvua ni Akoth. Herufi a mwanzoni ni ya wanawake, na o ni ya wanaume, hata ndugu wa kiume wa Atieno na Akoth huwa Otieno na Okoth. Wasukuma nao wana Kabula, msichana wa mvua, jina litokanalo na neno lao la mvua, mbula. Katika nchi ya Wazanaki mfano ujulikanao kuliko yote ni Nyerere. Mtemi Nyerere Burito wa Butiama aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa wakati wa baa la viwavi, na jina hilo kwa Kizanaki lawataja wadudu hao.

Fungu la pili ni majina ya ukumbusho na ulinzi. Hapa mtoto hasimuliwi alivyozaliwa, bali anaunganishwa na mwingine aliyemtangulia: babu, bibi, au mzimu. Mwana wa Mtemi Nyerere Burito na mkewe Mgaya wa Nyang'ombe, aliyezaliwa Butiama mwaka wa 1922, kwanza aliitwa Mugendi, maana yake mwenda njia. Baadaye, kwa shauri la mganga, jina hilo likabadilishwa akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Yafaa kuangalia kwamba mzimu huyo kwa mapokeo ni wa kike, na mtoto alikuwa wa kiume. Jina, basi, halikutolewa ili kumweleza mtoto alivyo, bali ili kumweka chini ya ulinzi wa mwenye jina.

Upande wa Bunda, Waikizu wanasimulia habari za Nyakinywa, mwanamke mleta mvua aliyekuja kutoka upande wa Usukuma, akakutana na mwindaji Isamongo, na kutoka kwao utemi wa Ikizu ukaanza. Watemi waliofuata walihesabiwa kuwa wamerithi nafasi ya mwanamke huyo. Hivyo katika nchi hii, zamani kabla ya dini za kigeni kuja, jina la mwanamke mmoja wa kale liliweza kubeba mamlaka, mvua na uhai wa watu. Yapasa kulikumbuka jambo hili, kwa kuwa laonyesha kwamba jina la Maria halikuangukia mahali patupu.

Asili ya jina

Jina hili ni la Kiebrania, Miryam, na mtu wa kwanza anayetajwa kwalo ni dada wa Musa na Haruni katika kitabu cha Kutoka. Wataalamu hawakubaliani juu ya maana yake. Wako waliolifungamanisha na neno la uchungu, na wako waliolifungamanisha na neno la uasi. Wengine, wakikumbuka kwamba Musa na ndugu zake walizaliwa Misri, wametafuta asili yake katika neno la Kimisri la kupenda, yaani mpendwa.

Wayahudi walipofasiri maandiko yao kwa Kiyunani waliandika Mariam. Katika Agano Jipya la Kiyunani yanaonekana maumbo yote mawili, Mariam na Maria, na katika Kilatini likabaki Maria tu, kwa dada wa Musa na kwa mama wa Yesu sawasawa. Katika Kilatini pia ndimo ilimotoka maana nyingine mashuhuri. Jeromu alilieleza jina hili kuwa ni tone la bahari, stilla maris. Wanakili wakaandika stella maris, nyota ya bahari. Badiliko la irabu moja likazaa sifa ambayo mabaharia na watunga nyimbo wameitumia kwa karne nyingi, na hata leo msichana aitwaye Stella amechukua sehemu ya historia hiyo bila ya kujua. Mfano huu wafundisha kwamba maana ya jina si lazima iwe ile ya asili yake. Maana iliyo hai ni ile wasemaji wanayoishi nayo.

Kwa Kiarabu jina ni Maryam. Sura ya 19 ya Kurani, yenye aya 98, yaitwa kwa jina lake, naye ndiye mwanamke peke yake atajwaye kwa jina katika Kurani nzima. Katika aya ya 28 ya sura hiyo anaitwa dada wa Haruni. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwamba Wakristo wa Najrani walimwuliza sahaba Mughira bin Shuba juu ya maneno hayo, kwani kati ya Musa na Isa palikuwa na muda mrefu. Mtume alipoelezwa alijibu kwamba watu wale walikuwa na desturi ya kuita watoto wao kwa majina ya manabii na watu wema waliowatangulia. Jibu hilo ni la maana sana kwa habari hii, na litarudiwa chini.

Maumbo ya Kiswahili

Matamshi ya Kiswahili yaeleza mengi. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu. Maria, kwa kuwa limeishia kwa irabu, lilipokewa lilivyo, silabi tatu: ma-ri-a, na mkazo uko juu ya ri. Maryam lina silabi mbili tu katika Kiarabu, zote mbili zimefungwa kwa konsonanti, mar-yam. Msemaji wa Kiswahili akalifungua mahali pawili. Mwishoni aliongeza u, kwa kuwa konsonanti za midomo, m, b na f, kwa kawaida hufuatwa na u: Adamu, Ibrahimu, Ayubu, Yusufu, hali konsonanti nyingine hufuatwa na i, kama Rashidi na Hasani. Katikati, ambapo r na y zimekutana, alitia i, ikawa ma-ri-a-mu, silabi nne, na mkazo ukahamia juu ya a. Aliyesoma Kiarabu hutunza ry, akatamka Maryamu, au hata Maryam. Kwa hiyo Maria na Mariamu hazitofautiani kwa silabi moja ya mwisho tu. Yanasikika kuwa majina mawili, kwa sababu mkazo umehama.

Katika Mara jambo hili lina upande mwingine. Mjaluo, ambaye lugha yake ina majina mengi yanayoishia kwa konsonanti kama Akoth na Achieng', hana haja ya ile u ya mwisho. Hivyo umbo fupi la Mariam, likisikika Musoma, si lazima liwe dalili ya kisomo cha Kiarabu.

Umbo la Mary ni la Kiingereza. Likisomwa kwa kanuni za tahajia ya Kiswahili haliwezi kutoa sauti ya Meri. Wanaolitumia wanaandika lugha moja na kutamka nyingine, nalo ndilo peke yake kati ya maumbo manne ambalo halijapata makao kamili katika Kiswahili.

Mabadiliko ya namna hii si ya jina hili tu. Kambarage wa Butiama alibatizwa katika Nyegina mwaka wa 1943, akachukua jina la Julius. Alipofasiri mchezo wa Shakespeare, chapa ya mwaka wa 1963 iliitwa Julius Caezar. Chapa ya pili ya mwaka wa 1969 ikaitwa Juliasi Kaizari. Katika miaka sita mfasiri yule yule alilitoa jina alilobatizwa kwalo kutoka tahajia ya kigeni na kulitia katika tahajia ya Kiswahili, ingawa yeye mwenyewe aliendelea kujiandika Julius. Mtu aweza kulipa neno umbo la Kiswahili kitabuni, na bado asiliguse jina lake mwenyewe, kwa kuwa jina alilopewa mtu lina haki yake.

Njia lilizopitia

Umbo la Maria lilifika Mara hasa kwa Wakatoliki. Mapadre Weupe walianzisha misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka wa 1911. Mwaka wa 1946 wakaja mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani, na mwaka wa 1948 masista wa Maryknoll wakafika Kowak, katika nchi ya Wajaluo. Jina la shirika lao latokana na kilima huko Ossining, katika jimbo la New York, walichokiita kilima cha Maria. Ni dhahiri basi kwamba jina hili lilifika mara mbili: mara katika sala, na mara katika jina la wageni wenyewe. Hao ndio waliofungua chuo cha lugha huko Makoko, Musoma, mwaka wa 1963, ambamo wageni wengi wamejifunza Kiswahili. Makoko hiyo hiyo yajulikana pia kwa Masista wa Moyo Safi wa Maria wa Afrika, shirika la wanawake wa Kiafrika lililokua katika Jimbo la Musoma.

Njia ya pili ni ya Waprotestanti. Wamenonaiti kutoka Marekani walifika Shirati mwaka wa 1934 na Bukiroba mwaka uliofuata. Waadventista Wasabato nao walifanya kazi Majita na Ikizu. Biblia iliyoenea kwa makanisa hayo ni ile ya mwaka wa 1952, iitwayo ya Muungano, nayo humwita mama wa Yesu Mariamu, na mwenzake Mariamu Magdalene. Dada wa Musa humwita Miriamu. Hivyo wafasiri waliwatenganisha wanawake wawili ambao Kilatini na Kiarabu huwaita kwa jina moja, lakini hawakuwatenganisha mbali kama Kiingereza kilivyofanya kwa Miriam na Mary. Biblia ya Habari Njema iliyokuja baadaye ikatumia Maria, na tangu hapo mpaka kati ya madhehebu katika jambo hili umekuwa mwembamba.

Njia ya tatu ni ya Uislamu, uliofika bara pamoja na wafanya biashara wa pwani na Kiswahili chao. Kwa Mwislamu, Mariamu au Maryamu ni mama wa Nabii Isa. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, iliyotolewa nzima mwaka wa 1969, imewafikishia wasomaji wengi wa Kiswahili habari zake katika lugha yao.

Kutokana na haya, mtu angeweza kutaka kuweka kanuni nyepesi: Maria ni Mkatoliki, Mariamu ni Mprotestanti, Maryamu ni Mwislamu. Kanuni hiyo yafaa kama mwongozo tu. Mariamu, umbo lililo la Kiswahili zaidi ya yote, hutumiwa na Waprotestanti na Waislamu sawasawa, wala haliwezi kueleza dini ya mwenyewe. Tena hata umbo la Maria si geni katika Uislamu. Mariya Mkibti, mwanamke aliyetoka Misri, ndiye aliyemzalia Mtume mwanawe Ibrahimu, aliyefariki angali mdogo. Na jina lake kwa Kiarabu huandikwa mbali na Maryam. Kwa hiyo karani asemaye kwamba Mwislamu hawezi kuitwa Maria amekosea, sawa na yule asemaye kwamba Mkristo aitwaye Mariamu ameandikwa vibaya.

Jina hili lilipita Afrika ya Mashariki kwa njia ya nne pia, lakini hiyo haikuacha dalili. Katika karne ya 19 sarafu ya fedha yenye sanamu na jina la Maria Theresa, malkia wa Austria, ilitumika sana pwani. Ilichapwa na mwaka wa 1780 juu yake hata miaka mingi baada ya kufa kwake. Jina la Maria lilikuwa mkononi mwa kila mfanya biashara. Lakini Waswahili waliiita sarafu ile reale ya Sham, wala hawakulitaja jina la malkia. Jina lililoandikwa tu, bila mtu wa kulibeba wala hadithi ya kulisimulia, halikuwa jina kwao.

Somo

Kiswahili kina neno moja ambalo laeleza mambo haya kuliko maelezo marefu. Neno hilo ni somo. Katika maana yake ya kwanza ni kitu cha kusomwa au kufundishwa. Lakini somo pia ni mtu mwenye jina moja na mwingine, yaani wajina. Na pwani ni rafiki wa siri na yule mwanamke mzima amfundaye mwari. Wakatoliki walipotafuta neno la mtakatifu ambaye mtu amebatizwa kwa jina lake, hawakuunda neno jipya. Walichukua lile lile: Bikira Maria ni somo wa kila Maria, na sikukuu yake ni sikukuu ya somo.

Katika matumizi hayo maana zote zimekutana. Somo ni mwenye jina moja nawe, ni rafiki, ni mwalimu, na ni mlinzi. Mzanaki aliyejua kwamba mtoto aweza kupewa jina la mzimu wa mvua ili amlinde, hakuhitaji kufafanuliwa sana jambo la somo. Mwislamu aliyesikia jibu la Mtume kwa watu wa Najrani alikuwa na fikira iyo hiyo: jina la mtu mwema hupewa mtoto ili mwema yule asisahauliwe na mtoto afuate nyayo zake. Hii si kusema kwamba mzimu, mtakatifu na mtu mwema wa kale ni kitu kimoja. Mafundisho yao yako mbali. Ila desturi ya kupa jina ilikuwa na nafasi tayari, na jina la Maria likaingia katika nafasi hiyo. Halikuingia katika fungu la Akoth na Kabula, kwa maana halisimulii mvua wala saa. Limeingia katika fungu la ukumbusho na ulinzi.

Desturi hiyo yaendelea. Wako watoto wa Tanzania walioitwa Nyerere au Kambarage kwa ajili ya Rais wa kwanza, wala si kwa viwavi wala kwa mvua. Jina la tukio limegeuka kuwa jina la ukumbusho. Mwaka wa 2005 Jimbo la Musoma lilianza uchunguzi wa kumtangaza mwenye heri. Na kama siku moja uchunguzi huo utatimia, Julius wa Butiama naye atakuwa somo.

Mama Maria

Mwanamke wa Mara ambaye jina hili limejulikana kwake kuliko wote ni Maria Waningu, binti wa Gabriel Magige, aliyezaliwa mwaka wa 1930 huko Baraki, katika iliyokuwa wilaya ya Tarime. Alisoma Nyegina, akasomea ualimu Sumve, akarudi kufundisha Nyegina. Mwezi wa Januari 1953 aliolewa na Julius Kambarage Nyerere, naye taifa likamjua kwa jina la Mama Maria.

Katika jina lake lote, Maria Waningu Gabriel Magige, mna mpango ulio wazi: jina la ubatizo na jina la nyumbani la binti, kisha jina la ubatizo na jina la nyumbani la baba. Kila mtu ana majina mawili, na hakuna moja lililomfukuza mwenzake. Mpango huo ndio wa Julius Kambarage pia. Tena, jina hilo laweka Gabriel na Maria pamoja, majina mawili ya habari ile ya malaika kupasha ujumbe, ambayo kengele ya misheni huikumbusha mara tatu kwa siku katika sala ya Malaika wa Bwana.

Neno Mama katika cheo hiki lahitaji kuelezwa. Katika Kiswahili cha kila siku mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake: mama wa Asha ni Mama Asha. Lakini Mama hutangulizwa pia mbele ya jina la mwanamke mwenyewe kwa heshima. Maumbo hayo mawili hayana tofauti ya matamshi wala ya maandishi. Taifa liliposema Mama Maria lilimwita kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la mtoto wake wala la mumewe, na heshima hiyo si ndogo.

Kwa hiyo maneno mawili, Mama Maria, yakisemwa Butiama yaweza kuwa na maana tatu. Kanisani ni Bikira Maria. Katika habari za nchi ni mjane wa Mwalimu. Kisimani au sokoni ni mwanamke yeyote mwenye mtoto aitwaye Maria. Msikilizaji huchagua maana kwa mahali na kwa wasemaji, wala hakosei mara nyingi. Upande wa Wajaluo maana ya nne yaweza kuongezwa, kwani wafuasi wa Kanisa la Legio Maria, lililojitenga na Kanisa Katoliki huko Nyanza, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1960, huamini kwamba Maria alikuja kwao katika mwanamke wa Kiafrika. Huko jina halikumbuki tu mwanamke wa nchi ya mbali. Mwenye jina mwenyewe amesogezwa karibu.

Jina lililo hatarini

Yatokana na haya kwamba si kweli kusema jina la ubatizo liliua jina la nyumbani. Maria na Waningu wamekaa pamoja katika jina moja. Hatari yatoka mahali pengine, nayo ni karatasi. Fomu za leo zina nafasi tatu: jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo. Maria akichukua ya kwanza, na jina la baba yake la pili, na la babu yake la tatu, jina lake la nyumbani halina mahali. Mvulana anapatwa na hasara hiyo pia, lakini siyo sawa. Jina la nyumbani la mwanamume, hata likiachwa siku moja, hurudi katika watoto wake, kwa kuwa wao huandikwa kwa jina la baba. Jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa viwavi limefika katika vitabu vya dunia nzima kwa njia hiyo. Jina la mama haliendi kwa watoto. Laweza kuishi kwa njia moja tu, nayo ni kupewa mjukuu, yaani kupata somo.

Maria hana hofu ya kukosa somo. Waningu, Bhoke, Nyakinywa na Mgaya wanategemea kumbukumbu ya bibi mmoja na hiari ya wazazi wawili. Bibi akifa kabla ya mjukuu kuzaliwa, na jina lake halikuandikwa, jina hilo limekwisha, pamoja na habari ya mvua, njaa au mzimu iliyokuwa ndani yake.

Kwa wanaoshughulika na lugha, mambo mawili yafuata. La kwanza, maumbo ya Maria, Mariamu na Maryamu yaandikwe kila moja kama mwenyewe anavyolitumia, kwa maana kila moja ni umbo sahihi la Kiswahili na ni ushahidi wa njia yake. Anayeyasawazisha afuta historia akidhani anasahihisha tahajia. La pili, mkusanyaji wa majina katika Mara asiridhike na jina la kwanza analoambiwa. Amwulize kila Maria jina lake la nyumbani, ni la nani, lilitolewa kwa sababu gani, na nani sasa ni somo wake. Kazi hiyo ni bora ifanywe mapema, kwanza kwa wanawake wazee, ambao majina yao hayamo katika fomu yoyote.